Kufuli Zuri la Chumba cha Spika

Besi alipopigiwa simu kwamba nyumba yake imeibiwa, alikuwa katikati ya ukumbi mtupu, anapiga makofi peke yake. Hakuwa amerukwa na akili. Mafundi wa muziki wa shughuli ndivyo wanavyopima ukumbi: unasimama, unapiga kofi moja, unasikiliza ukuta unakujibu nini, ndipo unajua spika zako utazipanga wapi. Ukuta ulikuwa bado haujamaliza kumjibu, yeye yuko juu ya pikipiki.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, jua bado kali. Alikuta baraza imejaa majirani, wale wale ambao mwizi akiingia hawamwoni, akishatoka wanamwona vizuri kabisa, mpaka rangi ya soksi zake. Ndani, mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa ameketi sakafuni sebuleni, pale pale palipokuwa na cherehani yake. Mama mkwe wake alikuwa amesimama dirishani, mikono ameikunja.

Besi aliwapita wote wawili. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa korido, akashika kufuli la chumba cha spika, akalivuta mara tatu. Zima. Akafungua. Spika nne zimesimama ndani ya mablanketi yao, amplifaya mbili ziko rafuni, mixa imelala chini ya shuka safi, maikrofoni kila moja na soksi yake.

"Mungu mkubwa," akasema kwa sauti. "Vyote vipo."

Nyumba nzima ilimsikia. Hiyo ndiyo shida ya mtu aliyezoea kujaza kumbi. Hata siri zake zinafika viti vya nyuma.

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba ile na mdomo wake haujawahi kuegemea popote, alichungulia mlangoni. "Hongera, Besi. Wanao wote wazima. Sasa njoo uwape pole wafiwa."

Akarudi sebuleni kuwapa pole. Lakini pole iliyopitia kwanza chumba cha spika inafika imeshapoa, na mkewe hakuipokea.

Vilivyokwenda ni hivi: cherehani, pamoja na magauni matatu ya wateja yaliyokuwa yakingoja vifungo tu, televisheni, na redio ndogo ya mama mkwe, ile aliyokuwa akiiweka sikioni asubuhi kama anaipima homa. Vya Besi havikuguswa, hata waya mmoja.

Askari alikuja na daftari na haraka zake. Akatazama madirisha, akapitisha kidole kwenye fremu ya mlango, akaliinua kufuli lililokuwa limening'inia wazi kwenye komeo. Aliligeuza huku na huku.

"Hakuna kovu," akasema. "Halikukatwa, halikupigwa. Mlango haukuvunjwa huu. Aliyetoka mwisho nani?"

"Mimi," akasema mama mkwe. "Saa nane. Nilikwenda kumjulia hali mwenzangu, anaumwa."

"Ulifunga, mama?"

"Nilifunga."

"Una uhakika?"

Mama mkwe alifungua mdomo, akalitazama lile kufuli zima kabisa mkononi mwa askari, akaufunga. "Nadhani nilifunga," akasema.

Askari akaandika. Kisha, kwa upole, na upole ndio uliouma: "Ni umri tu, mama. Hata mimi mama yangu ameanza hivyo hivyo."

Besi alikuwa nyuma ya mama mkwe, hatua mbili. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na viatu vyake havikuwa na la kumsaidia.

Kwa sababu Besi alikuwa anajua.

Jumanne ya wiki ile alikuwa ameleta mixa mpya, si mpya ya dukani, mpya kwake, na usingizi ukampotea. Chumba cha spika kilikuwa na nondo mbili kila dirisha na mlango wa mbao ngumu; zamani kilikuwa chumba cha mkewe cha kushonea, kabla spika hazijaongezeka na mshonaji hajahamishiwa sebuleni "kwa muda", miaka minne iliyopita. Kitu pekee kilichopungua ni kufuli. Nyumba ilikuwa na kufuli moja la maana, zito kama kichwa cha nyundo, nalo lilikuwa kwenye mlango wa mbele. Besi akalihamisha. Mlango wa mbele akauwekea lingine alilolitoa kwenye sanduku lake la nyaya, akalisugua kwa mafuta ya taa mpaka likang'aa, akawagawia mkewe na mama mkwe funguo zake. "Nimewaletea jipya," akasema. "Wezi siku hizi wamezidi."

Mama mkwe alimshukuru.

Na jioni ile ile, akilijaribu, Besi aligundua kwamba kufuli lile ukilivuta chini kwa nguvu kidogo, huku unalipindisha, linaachia lenyewe bila ufunguo. Akasimama nalo mkononi. Akasema moyoni, nitanunua lingine wiki ijayo. Akalirudisha mlangoni.

Kwa hiyo mwizi hakuvunja kitu. Alivuta, kufuli likaachia, akalitundika wazi, akaingia kama mgeni aliyealikwa. Kule mwisho wa korido akakutana na lile zuri, akaliacha na heshima zake.

Besi angeweza kusema pale pale, askari akiwa bado ana kalamu mkononi. Neno lilifika kooni. Lakini barazani kulikuwa na majirani, na mkewe alikuwa ameketi chini, akaona si vizuri kuongeza jambo juu ya jambo. Ndivyo alivyojiambia. Magharibi, wengine wakiwa mezani, alilichukua lile kufuli akalitumbukiza kwenye shimo la choo. Jumatatu alinunua jipya, safari hii jipya kweli.

Sasa, huyo mama mkwe si mtu wa hivi hivi. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na moja. Kwa mingi kati ya hiyo, ufunguo wa kabati la dawa kali ulikaa shingoni kwake, na kila zamu ilipobadilika alihesabu vidonge na mwenzake, wakasaini wote wawili. Hakuna siku kidonge kilipungua. Alipostaafu alikuja kwa binti yake na sanduku moja la nguo na kipimo cha presha, na mtaa mzima ukajua pa kupeleka mikono yake. Alikuwa hapokei kitu. Alikuwa anaandika namba zako kwenye daftari lenye jalada la bluu, na zikipanda anakugombeza kama vile umezipandisha makusudi.

Baada ya Jumamosi ile akaanza kurudi njiani. Anatoka, anafika kwenye kona, anageuka kuangalia mlango. Anatoka tena, anageuka tena. Anamwuliza binti yake, "Chumvi nimetia?" Binti anaonja, anasema umetia, mama. Baada ya dakika tano anauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Jumatano asubuhi fundi viatu aliingia amekunja mkono wa shati. "Mama, nimekuletea mkono. Huu mwingine nimeuacha dukani unafanya kazi."

"Nenda zahanati, mwanangu."

"Zahanati watanisubirisha mpaka presha ipande ndiyo wanipime."

"Nimesema nenda." Mama mkwe alikuwa amekalisha kipimo kwenye boksi lake na kulifunga kwa kamba. "Mtu asiyejua kama amefunga mlango, atajuaje kama amesoma namba sawasawa? Nikikwambia uko mzima, halafu uanguke?"

Fundi viatu alitafuta mzaha. Mtu aliyemfahamu angejua ukubwa wa jambo kwa hapo tu, maana aliutafuta na akaukosa. Akashusha mkono wa shati, akaondoka.

Besi alikuwa kwenye korido, anafuta vumbi kwenye nyaya ambazo hazikuwa na vumbi.

Ijumaa mkewe alimwambia, huku anashona kwa mkono gauni la mteja aliyekubali kusubiri, uso ameuinamisha kwenye sindano. "Mama amempigia kaka. Jumapili anakuja kumchukua. Anasema asije siku moja akaacha jiko linawaka akatuunguza."

"Hawezi kuacha jiko linawaka," akasema Besi.

"Na mlango je?"

Kwa siku sita Besi alikuwa amejiambia kwamba lisemwalo na lisilosemwa yote hupita. Lakini hili lilikuwa halipiti. Lilikuwa linafunga mizigo.

Jumamosi asubuhi aligonga mlango wa mama mkwe. Alimkuta anakunja nguo. Sare yake ya zamani ya uuguzi ilikuwa juu ya kitanda, imepigwa pasi. Besi hakukaa kitini. Alichuchumaa karibu na mlango, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kuposa.

"Mama, nina neno."

"Sema, baba."

Akasema. Alianza na mixa, akaenda kwenye kufuli, akafika chooni. Alisema kwa sauti ndogo mpaka ikambidi mama mkwe ainame.

Alipomaliza, mama mkwe alikuwa anatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa la huruma.

"Ahsante, mkwe wangu," akasema. "Mungu akubariki. Lakini usinibebee mzigo huu."

"Mama, ni kweli tupu."

"Nimekaa na wagonjwa miaka thelathini na moja. Nimewaambia wengi kwamba wanaendelea vizuri. Sauti ya kumpa mtu moyo naijua, ni hiyo hiyo uliyonayo. Haya, liko wapi hilo kufuli?"

"Chooni."

"Unaona? Hata ushahidi wako umeupeleka mahali ambapo hakuna wa kuufuata."

Besi alipigwa na butwaa. Jumanne ile alisema uongo wa maneno mawili ukaaminiwa, na akashukuriwa juu yake. Leo ameleta ukweli mzima, amechuchumaa nao, unakataliwa mlangoni.

Hapo ndipo mkewe alipoingia. Alikuwa nje ya mlango, pini mbili mdomoni. Akazitoa, akazichomeka kwenye ukosi wa blauzi, taratibu.

"Mama," akasema, "mimi namwamini."

"Na wewe unanihurumia."

"Sikuhurumii. Huyu nimekaa naye miaka kumi na mbili. Uongo wake wote ninaoujua ulikuwa wa kumfaa yeye. Huu haumfai hata kidogo, kwa hiyo ni kweli." Akamgeukia mumewe. "Na kufuli kulitoa kwangu na kulipeleka kwa spika, hiyo ndiyo akili yake hasa. Ningeshangaa kama angefanya kinyume."

Hakuna aliyewahi kumtetea Besi vizuri namna ile, na alitamani aingie ndani ya spika moja ajifungie.

Tabasamu la mama mkwe liliondoka. Aliketi kitandani, akavaa miwani. Alipouliza, aliuliza kama anayepokea zamu.

"Ulibadilisha siku gani?"

"Jumanne."

"Ukatuambia ni jipya."

"Ndiyo, mama."

"Kwamba linaachia ukilivuta, ulijua lini?"

Besi alitaka kusema alishuku tu. Mkewe alikuwa anamtazama. "Jumanne hiyo hiyo."

"Na askari aliponiuliza kama nina uhakika, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma yako, mama."

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akachukua mkoba wake. "Twende kituoni."

Kituoni palikuwa na benchi lililojaa watu, na yule yule askari nyuma ya kaunta. Akapekua daftari mpaka akaufikia ukurasa wao. Akausoma kwa sauti: mlango uliachwa bila kufungwa na mkazi mwenye umri mkubwa, kwa kusahau. Mama mkwe alisikiliza akiwa amenyooka.

"Huyu ana maelezo," akasema.

Besi akaanza. Askari akatega sikio, akakunja uso. "Toa sauti, bwana. Hapa hatusikii."

Benchini mwanamke mmoja akamgusa jirani yake. "Si Besi huyu? Ndiye aliyepiga muziki harusi ya binti yangu. Siku ile madirisha yalitetemeka." Benchi zima likageuka kumtazama mtu wa kutetemesha madirisha anavyosema maneno yake chini ya kidevu.

Ikabidi apaze. Akasema yote, Jumanne mpaka Jumamosi, jasho linamshuka mgongoni, na benchi likiwa limetulia kama watu wanaosikiliza hotuba ya bwana harusi. Alipofika kwenye choo mtu mmoja alikohoa. Askari akaandika, akaligeuza daftari ili asaini.

"Ngoja," akasema mama mkwe. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Kikasimama. "Hapa umeandika kwamba kufuli lilikuwa bovu na mama alilifunga."

"Ndivyo alivyosema."

"Ongeza: naye alijua ni bovu. Na aliniacha niulizwe."

Askari akamtazama Besi.

"Andika," akasema Besi.

Iliandikwa. Besi akasaini, mkono ukiwa na unyevu mpaka wino ukatapakaa kidogo mwishoni mwa jina. Askari alimwomba mama mkwe radhi, na mama mkwe akamjibu kwamba amwangalie vizuri mama yake kabla ya kusema umri, huenda naye ana mkwe.

Nje, simu ya mama mkwe iliita. Alikuwa mwanawe, anauliza kesho aje saa ngapi.

"Usije," akasema. "Kichwa changu kizima. Nitakuja kuwasalimia mwezi ujao, na nikija nitakuja kwa miguu yangu."

Akaiweka simu mkobani, akashika njia. Besi alimfuata hatua mbili nyuma.