Nilimwonea wivu dada yangu juu ya mawe ya game, na guild nzima ikalipia

Wakuu, salamu kwenu wote, wa Wote, wa Kitui town, na nyinyi wa Nairobi mnaojifanya mmesahau Kikamba.

Mimi hapa huwa msomaji tu. Leo nimeandika kwa sababu kila wiki naona mnabishana kuhusu kugrind, kama zawadi ni za yule anacheza siku nzima ama hata sisi wa kuchungulia mara moja moja tunafaa kuonja. Hii yangu ni ya ukweli. Mtajua sijatia chumvi kwa sababu ningetia, ningejiweka mahali pazuri.

Natoka Mbooni, upande wa juu kabisa, kule ukitumwa dukani unashuka na kupanda kama mbuzi. Shule niliachia form two. Kazi yangu ni kuchuma na kupanga avocado za broker. Nina simu moja, kioo imepasuka kona, na ndoto nyingi sana. Ndoto moja ilikuwa ng'ombe.

Si ng'ombe wa kula nyasi. Ng'ombe wa game.

Game yenyewe siitaji jina, hawajanilipa. Kila mtu ana kijiji chake na ukuta wa mawe. Mawe unachimba kwa kugonga gonga kioo mpaka kidole kinaota sugu. Ukiweka mawe kwa ukuta wako unapata points, na points zikijaa unafunguliwa sanduku la zawadi. Ukiweka kwa ukuta wa mwenzako, hupati kitu. Kila siku ukuta unaliwa kidogo, na kila Jumamosi mchana maadui wanakuja.

Guild yetu, yaani kikundi chetu cha kucheza pamoja, ni ya watu wa Ukambani tupu. Vijiji vyetu vimeshikana, ukuta mmoja ukianguka maadui wanapitia hapo kwenda kwa wengine. Mwisho wa season, guild tatu za kwanza zinapewa kila moja ndume ya pembe za dhahabu. Ndume moja tu, na guild inapiga kura nani aichukue.

Wakuu, hiyo ndume niliitamani mpaka nikaiota ikinywa maji kwa mtungi wetu.

Lakini mimi nagrind na nini? Wivu ulianza hapo. Tuko na jamaa wa Makindu tunamwita Boss. Kwao kuna duka kubwa kando ya barabara ya Mombasa na wifi ndani. Anacheza tangu asubuhi, amekaa kwa kiti cha kuzunguka. Kijiji chake kina farasi, kina mnara, kina hadi mto. Mimi nacheza saa ya lunch nikiwa nimekalia crate. Game inakwambia ingia siku saba mfululizo upate sanduku kubwa, na siku ya sita network ya Mbooni inaenda kutembea.

Nikiangalia ule mto wa Boss moyo unanichoma. Huku sisi hata mto wa kweli hatuna, tuna mchanga.

Kitu ingine lazima mjue ni hii. Kwetu, mama anaitwa Mama Nduku, kwa sababu Nduku ndiye kifungua mimba. Mimi, tangu nizaliwe, naitwa ndugu ya Nduku. Kanisani, sokoni, kwa broker, ni ndugu ya Nduku. Ni kwa game peke yake nilikuwa na jina langu. Huko niliitwa Chui.

Sasa Nduku akaanguka. Alikuwa anashuka na gunia la avocado, mguu ukateleza, kifundo kikavimba kama muhogo. Akaambiwa asiukanyagie wiki tatu.

Na mvua ilikuwa karibu, wakati wa mwethya. Kwa wasiojua, mwethya ni kile kikundi cha kulimiana. Leo mnachimba mitaro ya shamba langu, kesho ya wako. Kwetu wengi ni kina mama. Jina linaloandikwa ni la nyumba, si la mtu, kwa hivyo ukishindwa unatuma mwingine wa kwenu. Nyumba ikikosa, inalipa faini, na siku yenu ikifika mnajichimbia.

Nduku ndiye alikuwa anaenda. Mama akanigeukia.

"Utaenda wewe."

"Mama, na avocado?"

"Avocado hazina miguu. Utazikuta."

Shida ilikuwa guild. Kazi ya kuchimba mawe inafunguliwa saa nne asubuhi, inafungwa saa tisa. Bondeni kwenye mitaro hakuna network. Ukikosa siku tatu, unafukuzwa.

Ndio nikapata wazo lililoniletea haya yote. Kama mwethya mtu anatuma mwingine wa nyumba yake, guild ni nini kama si mwethya? Nikampa Nduku simu, nikamwonyesha pale kwa stuli, mguu wake ukiwa juu ya mto wa kulalia.

"Unagonga hapa, mawe yanatoka. Yote unaweka kwa ukuta wangu. Basi."

"Na huyu jirani yako ukuta wake umebomoka hivi, nani anamsaidia?"

"Huyo ni Muvea. Achana naye. Ukimwekea hupati points."

"Points unafanyia nini?"

"Nafunguliwa sanduku."

"Ndani kuna nini?"

"Wewe weka tu mawe," nikasema.

Nikaenda mwethya. Wakuu, msidharau kina mama. Mama Kalondu, mkubwa wa kikundi, aliniangalia nikipiga jembe dakika mbili hivi.

"Ndugu ya Nduku! Hiyo jembe unalima nayo ama unaibembeleza ilale?"

Wakacheka mpaka wakashikilia viuno.

"Nduku sasa hivi angekuwa amefika kwa ule mti," mwingine akasema.

"Nduku angekuwa amefika na amesharudi," Mama Kalondu akamalizia.

Nikarudi jioni mikono imetoka malengelenge, nikachukua simu nione angalau Chui amepanda. Points ni zile zile. Ukuta wangu una mawe ya kutosha tu, mengine yote amegawa! Muvea amewekewa, jamaa wa Kibwezi amewekewa, na yule wa Wote ambaye hata huwa hasalimii.

"Nduku, umenimaliza!"

"Wako ulikuwa umesimama. Mtu anaanza na mtaro uliobomoka."

Nikafungua chat nimkane. Kumbe yeye alikuwa ameshaandika asubuhi, "Mwi aseo? Mmeamkaje nyote, na nyumbani je?" Tangu guild ianzishwe hakuna mtu alikuwa ameuliza nyumbani je. Na watu walikuwa wamejibu, mmoja mmoja.

Muvea alikuwa ameandika kwamba mama yake amelazwa hospitali huko Mutomo na yeye ndiye anamlinda, ndio maana mawe anachimba siku moja moja tu. Mimi na Muvea tulikuwa guild moja karibu mwaka. Nilijua level yake tu. Sikujua ana mama.

Siku zikaenda hivyo. Mimi nachimba mitaro kwa jina la Nduku, Nduku anachimba mawe kwa jina langu. Ukuta wa Muvea akaubeba yeye kila siku.

Halafu wengine wakaanza kuiga. Kioko, leader wetu, mwenye kibanda cha kuchaji simu pale Mutomo, akaandika: "Chui ametuonyesha kitu. Kuanzia leo tunaanza na ukuta mbovu zaidi. Wa Muvea tunamwachia Chui mwenyewe." Jumamosi hiyo maadui wakaja, hakuna kijiji kilianguka. Tukatoka mkiani, tukapanda, tukapanda, tukafika namba mbili.

Sasa mngefikiri nilifurahi.

Nilifurahi kama mtu anayeona shati lake zuri limevaliwa na mwingine na limemkaa vizuri kuliko yeye. Hata Boss wa Makindu, na mto wake, aliandika: "Chui akipewa ile ndume mimi sitapinga." Niliisoma hiyo mara kumi. Mara ya kumi na moja nikakumbuka si mimi.

Lakini iliyonimaliza ni ya Muvea: "Chui wa zamani alikuwa anaokota sanduku lake anatoroka. Huyu wa sasa ni mtu."

Huyo wa zamani si ndiye mimi? Mwethya nilikuwa ndugu ya Nduku. Na sasa hata Chui alikuwa Nduku.

Ijumaa ya mwisho ya season nikachukua simu nikatia mfukoni.

Nduku alikuwa anachambua maharagwe. "Unaenda nayo?"

"Ni simu yangu."

"Kesho ni ile Jumamosi ya mwisho. Ukuta wa Muvea hauna hata..."

"Nduku, ni simu yangu."

Akarudi kwa maharagwe. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Saa ya lunch, wenzangu wa mwethya wakila isyo, mahindi na maharagwe, nikapanda mpaka juu kwa jiwe ambapo nilikuwa nimegundua network inapatikana. Nikachimba mawe haraka haraka. Yalipotosha, nikauangalia ukuta wa Muvea. Ulikuwa chini, karibu kuisha. Niliuona, wakuu, sitasema sikuuona.

Nikaweka yote kwangu.

Points zikalia kama kengele za kanisa. Sanduku likaja, linang'aa, linatingika. Nikaligonga.

Kofia ya mbuzi.

Nyekundu, ya kuvalisha mbuzi wa kijijini kwako. Haiongezi nguvu, haiongezi maziwa. Nikasimama pale juu ya jiwe jasho linanitoka, naangalia mbuzi mwenye kofia.

Nikashuka nikaendelea na mtaro. Siku hiyo Mama Kalondu hakunitania, akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi maadui walikuja. Ukuta wa Muvea ulianguka wa kwanza, wakapitia hapo, wakachoma vijiji saba. Tukatoka namba mbili tukaanguka namba sita. Ndume ikaenda kwa watu wengine.

Muvea akaandika moja tu: "Chui, jana ulikuwa wapi? Niliacha kuangalia simu nikalisha mama. Nilijua uko."

Nilijua uko. Nimetukanwa matusi ya kila aina kwa hii game, na hakuna iliyonifikia kama hiyo.

Jumapili tukitoka kanisani nikamwonyesha Nduku. Alisoma polepole, mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Mwambie."

"Niseme nini?"

"Vile ilivyokuwa. Na usimwambie ni network."

Alinijua. Hiyo network nilikuwa nimeshaanza kuiandika.

Nikafuta. Nikaandika yote, kwamba wiki hizi zote ni dada yangu alikuwa anacheza, kwamba Ijumaa mawe nilikuwa nayo na nikajiwekea, na kwamba ulikuwa wivu. Nikaituma nikafumba macho kama mtoto wa sindano.

Halafu Boss: "Kwa hivyo tumeuza ndume tukanunua kofia ya mbuzi."

Halafu Kioko: "Kutuma mtu wa nyumba yako si kosa, hata sisi tunajua mwethya. Kosa ni kukosa na mikono unayo. Hapo kuna faini. Season ijayo yote, mawe yako ni ya ukuta wa Muvea. Yote. Unakubali?"

Nikakubali.

Mwisho Muvea akaandika: "Nduku ako hapo? Mwambie mama leo ameketi kitandani mwenyewe." Mimi hakunisalimia. Nikapeleka simu kwa Nduku, akaisoma akafuta macho na kanga. Na mimi, niwaambie ukweli, hata hapo, na machozi yangu pia yakinitoka, nilisikia ule wivu ukinigusa bega.

Sasa ni season mpya. Kifundo cha Nduku kimepona, amerudi mwethya, na mtaro wetu ulichimbwa kwa siku moja kwa sababu nyumba haikukosa. Simu namwachia Jumapili jioni awasalimie watu wake. Mimi nachimba mawe saa ya lunch, kwa crate yangu, naweka kwa Muvea. Sipati points. Sanduku halifunguki. Mama yake ameruhusiwa nyumbani, siku hizi Muvea mwenyewe anaingia kila siku, tunakutana ukutani. Juzi aliandika, "wi museo?" Nikajibu niko mzima, nikamuuliza nyumbani je. Akanijibu.

Nilichojifunza kuhusu kugrind ni kidogo, na mimi si mtu wa vitabu. Game inajua sana kukuonyesha mto wa mwenzako. Inakuhesabia mawe uliyojiwekea, yale uliyomwekea mwingine haiyahesabu, na ukikaa nayo sana na wewe unaanza kuhesabu hivyo hivyo, hadi kwa dada yako. Bado naitaka ile ndume, msinielewe vibaya. Bado mto wa Boss unaniuma. Lakini kofia ya mbuzi sijaifuta, nimeiacha hapo niione kila nikiingia.

Wiki jana guild iliingiza member mpya kutoka Kitui. Akauliza, "Huyu Chui ni nani, mbona anajenga kwa wengine tu?"

Muvea akamjibu kabla yangu: "Huyo? Huyo ni ndugu ya Nduku."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani amewahi kumwonea wivu mtu wa nyumba yake, na alitokaje? Nichekeni, nishaurini, mnikemee pia ni sawa. Mkiniita Chui nitakuja. Mkiniita lile lingine, siku hizi nalo naitika.