"Sikusomea ukalimani": Adhel na majokofu ya Kakuma

Saa tatu asubuhi, na mabati ya vibanda vya Kakuma tayari hayashikiki kwa joto. Adhel Manyok amelala kifudifudi sakafuni, nyuma ya friza la muuza samaki, anapaka povu la sabuni kwenye bomba jembamba la shaba. Povu likichemka, hapo ndipo gesi inapovujia.

Wateja wawili wamesimama mlangoni. Mmoja anauliza fundi atafika saa ngapi.

"Fundi si ni huyu mwenye unaona miguu yake," anajibu mwenye duka, Mama Spéciose, mkimbizi kutoka Kongo.

Adhel anaendelea kupaka povu. Swali hilo amelizoea, na alishaamua kutolijibu kwa mdomo.

Ana umri wa miaka ishirini na sita. Aliingia Kakuma akiwa mgongoni mwa mama yake, Adut, walipokimbia vita kusini mwa Sudan. Shule alisomea hapa hapa kambini, kisha akapata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Lodwar. Katika darasa la ufundi wa majokofu, msichana alikuwa yeye peke yake.

Walipokaribia kuhitimu, mkufunzi mmoja aliwaketisha na kumtaka kila mmoja aseme malengo yake ya kazi. Wengi walitaja ofisi za kaunti na mashirika. Adhel akasema atakuwa na karakana yake Kakuma, na chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki. Darasa likacheka. Mkufunzi akamshauri kwa upole awe na lengo la pili, linalowezekana zaidi kwa mkimbizi.

"Nikamwambia la pili ni hilo hilo la kwanza," anakumbuka.

Hata kabla joho la mahafali halijarudishwa, mjomba wake Malith, mzee wa kanisa, alikuwa ameshamtafutia kazi ya ukalimani katika shirika moja la misaada. Adhel anazungumza Kidinka, Kiarabu cha Juba, Kiswahili na Kiingereza, na Kiturkana cha kutosha kubishana bei sokoni. Ingekuwa kazi ya kukaa chini ya feni, na mshahara kila mwezi. Kwa nyumba inayotegemea mgao wa chakula unaozidi kupungua, hilo halikuwa jambo dogo.

Jumapili iliyofuata Malith alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Waumini wakapiga makofi. Adhel, aliyekuwa ameketi na kwaya, hakuwa ameikubali. Akainuka.

"Namshukuru mjomba wangu kwa kunihangaikia," alisema mbele ya kanisa lote. "Lakini kazi hiyo sikuiomba, na sitaichukua. Nimesomea majokofu. Sikusomea ukalimani."

Malith akaketi, macho chini. Miezi ikapita bila kumsemesha. Mama yake hakumgombeza; alimuuliza tu, jioni ile, watakula nini.

"Mjomba niliweza kumpinga," anasema Adhel. "Swali la mama lilinikosesha usingizi."

Alianzia Lodwar, kwa Ochola, fundi kutoka Kisumu anayehudumia friji za hoteli na maduka. Kila safari ya kutoka kambini ilidai kibali, na kibali kikichelewa, kazi ya siku hizo ilimponyoka. Ochola hafichi kwamba alimtilia shaka.

"Nilidhani huyu atachoka mapema," anasema. "Wakachoka wanagenzi wangu wengine, yeye akabaki."

Aliporudi Kakuma na vifaa vya mitumba, Mama Spéciose, anayeletewa samaki na wavuvi wa Kerio, kando ya Ziwa Turkana, ndiye aliyempa kazi kubwa ya kwanza. Jioni friza lilikuwa likinguruma vizuri. Kabla ya asubuhi gesi yote ilikuwa imetoroka, na samaki wameharibika.

"Samaki zangu zimeoza, na weye unanipa pole," Spéciose alimwambia. "Pole miye nitaiuza wapi?"

Habari zikazagaa sokoni. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kwa nini hakukaa alikowekewa kiti na mjomba wake. Adhel anakiri kwamba siku hiyo alifika hadi kwenye lango la shirika, kuulizia kama ile nafasi bado ipo. Hakubisha hodi.

"Niliona nikiingia pale, sitatoka tena nikiwa fundi."

Badala yake alirudi kwa Spéciose, akaomba kulifungua friza upya. Aligundua kwamba kiungo alichokilehemu mwenyewe kilikuwa na ufa. Akakirudia, kisha akatandika mkeka kando ya friza na kukaa hapo mpaka ndoo ya maji aliyoiweka ndani ilipoganda. Hakudai malipo ya kazi ile wala ya zile zilizofuata dukani hapo, hadi Spéciose mwenyewe aliposema hasara ya samaki imelipika.

Leo anaitwa na wauza soda, wauza nyama, hata kliniki yenye jokofu la dawa. Wazee wa Kiturkana humpungia mkono kwa salamu yao, "ejok", akipita na begi lake la vifaa. Malith naye humsalimia siku hizi, ingawa hajabadili msimamo.

"Bado anasema nilikosea," anasema Adhel. "Namwambia aendelee kusema, mimi niko kazini."

Chumba cha baridi hajakiacha. Yeye, Spéciose na wauza samaki wengine wameshakubaliana na mwenye kiwanja karibu na barabara ya Lodwar, na wanataka chumba hicho kiendeshwe kwa umeme wa jua. Ombi lao la kibali cha ujenzi limerudishwa mara mbili. Ofisa mmoja alimwambia miradi ya namna hiyo ni ya mashirika makubwa, asubiri.

Adhel anakaza nati ya mwisho na kuinuka, vumbi limemjaa kifuani.

"Alisema nisubiri," anasema. "Hakusema nisubiri nimekaa."

Kiwanjani, nguzo nne za kwanza zimeshasimikwa.