Orodha ya Mahindi

Siku mwandishi wa gazeti alipokuja kwangu, huku chini upande wa Ishiara, tulikuwa watu watano. Mimi. Mke mwenzangu, yaani mke wa pili wa marehemu mzee wangu. Shemeji, mdogo wa huyo mzee, ambaye husikia akitaka. Kifungua mimba wangu, aliyepewa jina la baba mkwe wangu kama ilivyo desturi yetu. Na mwandishi mwenyewe, msichana wa Nairobi ambaye mama yake ni wa Kianjokoma, huku huku kwetu Embu, kwa hivyo tulielewana. Wa sita alijileta: naibu wa chifu, aliyeoa binti ya binamu yangu. Alisema amekuja kunisalimia. Hakuwa amewahi.

Majina yao nayajua, na ya baba zao. Nimeambiwa nisiyaandike kwa sababu kesi iko kortini.

Shida ilikuwa kilima chetu. Ni malisho ya ukoo. Mheshimiwa mmoja alikizungushia waya, akasema wazee wetu walimpa kwa hiari wakati wa kupima mashamba. Mwandishi alikuwa amezipata karatasi zenyewe. Akafuta uji mezani, akazitandaza.

"Cucu, bibi yangu, hapa kuna vidole gumba vya wanaume kumi na wanne. Nitasoma majina, uniambie kama unawajua."

Wa kwanza alikuwa binamu ya mzee wangu, mwenye chongo. Wa pili, baba ya yule aliyetuuzia punda mgonjwa. Wa tatu alikuwa shemeji, na alikuwa ameketi pale pale.

"Mimi sikupeana kilima," shemeji akasema. "Niliweka kidole nipate mahindi."

"Mahindi gani, mzee?"

"Ya serikali. Ile njaa."

"Tena yalikuwa na dudu," akasema mke mwenzangu.

Ndipo tukaelewa. Mtu alikuwa ameitoa karatasi ya juu ya orodha ya mahindi, akaweka nyingine ya kupeana kilima, vidole vikabaki vile vile.

Lakini mheshimiwa angesema shemeji ni mzee, amechanganyikiwa. Mwandishi akaendelea kusoma. Jina la saba lilikuwa la baba mkwe wangu. Huyo tulimzika kabla ya ile njaa.

"Basi huyo ni mimi," kifungua mimba wangu akasema. "Ila nilikuwa bado nanyonya."

Akacheka peke yake. Naibu wa chifu akaweka kikombe chini, akaniangalia.

Sasa niseme. Mahindi yalikuwa debe moja kwa kila mwanaume mwenye boma. Mzee wangu alipata lake na halikututosha. Mimi nikapanga foleni na mtoto mgongoni, nikatoa jina lake, ambalo ni jina la mtu mzima. Karani hakuinua kichwa, naye alikuwa na njaa. Akasukuma wino. Nikachovya kidole cha mtoto, nikakibandika. Sikuwahi kumwambia mtu, hata kanisani. Nikinyamaza, kilima kimeenda. Nikisema, mimi ni mwizi mbele ya serikali, na serikali ilikuwa inakunywa chai yangu.

Nikasema.

"Mama, fikiria vizuri," naibu wa chifu akaniambia. "Kuibia serikali ni makosa hata kama ni zamani."

"Nimefikiria. Angalieni hicho kidole cha saba."

Mwandishi akapeleka karatasi mlangoni penye mwanga. Alama ilikuwa ndogo kama punje ya ndengu.

"Kumbe!" akasema mke mwenzangu. "Lile debe uliniambia ni la kaka yako."

Gazeti likatoa habari yote, na picha ya kidole. Mheshimiwa akajibu kwamba mimi ni ajuza aliyesahau mambo, na kwamba kwa kinywa changu mwenyewe mimi ni mwizi. Hilo la pili ni kweli. Naibu wa chifu hajarudi kunisalimia.

Korti ya Embu itaniita niwataje waliokuwa kwenye ile foleni. Nawakumbuka wote kumi na wanne, nani alitangulia, nani alifuata, na nani alikuja na gunia lililotoboka. Wakili wa mheshimiwa anatafuta jina moja tu nililokosea. Kwa hivyo wewe unayesoma, kama baba yako au babu yako alipanga foleni siku hiyo, na nyumbani kwenu mlisimuliwa tofauti, njoo unisahihishe. Sitakasirika. Ila uje kabla sijaapa.