Utani wa Msimamizi Haurudishwi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, katika kiwanda cha minofu ya sangara kule Ilemela, miaka ile soko huria lilipoleta viwanda vya watu binafsi hadi ufukweni. Nilikuwa nimemaliza tu masomo ya jioni, nikapewa kusimamia meza ya wakata minofu, akina mama thelathini na visu vyao. Kichwa kilivimba hadi kofia ya kazi ikanikataa.

Basi Mwajuma, mmoja wao, akanijia ameshika kidole alichochomwa na mwiba wa sangara, damu inachuruzika. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, yaani watani tangu enzi za mababu. Nikapaza sauti: "Jamani, njooni muone! Sangara amekufa tangu jana, bado kampiga Mzaramo!" Walicheka mpaka mabati yakatikisika. Mwajuma naye akacheka kidogo, akavaa glovu, akarudi mezani.

Wiki nzima hakuna aliyeniletea jeraha. Nikajisifu kwamba meza yangu ndiyo salama kuliko zote Kanda ya Ziwa. Kumbe walikuwa wanaficha! Mwajuma akaanguka kwa homa. Tulipomvua glovu, mkono umeumuka kama mkate. Hospitali wakasema huenda ukakatwa.

Mzee Lutobeka, mnoa visu wetu, akanivuta pembeni.

"Ulimcheka?"

"Mzee, kwani yule si mtani wangu?"

"Mtani hurudisha. Huyu akurudishie nini, na wewe ndiye unayechagua vibarua getini kila asubuhi?"



Kesho yake nikawaonyesha akina mama kovu la kidole gumba changu. "Hili nilijikata nikimenya muhogo. Tena ulishachemshwa!" Wakacheka, kisha glovu moja ikavuliwa, na nyingine, hadi sita. Wote nikawapeleka wakafungwe dawa.

Mkono wa Mwajuma ulipona, ila kidole kimoja hakikunjiki. Nilipomwomba radhi wodini alisema, "Nimekusamehe, Msukuma. Lakini siku ile nilicheka kwa woga."

Mwanangu, ukipewa watu wa kuongoza, usiache mzaha, maana kazi bila kicheko inachosha. Ila jicheke mwenyewe kwanza, na anayekuja na maumivu msikilize kabla hujafungua mdomo. Unachokicheka leo, kesho watakuficha. Mungu akubariki, akupe kazi ya heshima, na watu wasioogopa kukuambia wanapoumia.