Haki ya Kuuliza

Mwaka Kombe la Dunia lilipochezwa mjini humu, ghorofa letu zima pale mtaa wa Point lilishuka barabarani na mavuvuzela. Mimi nilibaki ndani. Baada ya wiki nzima kwenye ghala la Clairwood, mtu aliyeishia kidato cha nne kama mimi anatosheka na kitanda na feni. Mahali pekee nilipokwenda Jumamosi ni chumba cha jirani, kwenye darasa la Mwalimu, maana kule sikuhitaji hata viatu.

Mwalimu alikuwa mzee wa Kirundi. Kwao alifundisha falsafa ya elimu, chuo cha ualimu. "Kumwuliza mtoto anataka kujifunza nini," alisema, "ni kumwuliza mgonjwa anapenda sindano gani." Kwake elimu ilikuwa urithi, na urithi hupokelewa kwanza, hujadiliwa baadaye. Mwanafunzi alikariri akiwa amesimama, mikono nyuma. Akimaliza somo bila kosa, alipata haki ya kuuliza swali moja.

Watoto wa ghorofani walipungua mpaka wakabaki wawili, na mama yao akaja kuwachukua.

"Eish, Mwalimu, watoto wanachoka. Kule shuleni masomo iko kompyuta, hapa iko kukariri tu."

"Kompyuta inakumbuka kwa niaba yao. Wao watakumbuka nini?"

"Watakumbuka njaa, Mwalimu. Twende, watoto."

Viti vya plastiki vikabaki, na mimi. Mwalimu alinitazama kama ugali wa jana.

"Wewe una kichwa kigumu."

"Ndiyo maana bado nipo, Mwalimu."

Tulibakiwa na somo moja, alilolitunga mwenyewe: kwa nini darasani waliokufa wasikilizwe kwanza. Likiisha, alisema, anafunga darasa. Nikamwambia nitakuwa napita kumsalimia. Akatikisa kichwa. Wageni hapokei, anapokea wanafunzi.

Nilikuwa na hakika nitakosea, sijawahi kujiangusha katika hilo. Siku hiyo maneno yakatiririka mpaka nukta ya mwisho. Wote wawili tulishtuka.

"Uliza," akasema, taratibu.

"Mwalimu, Jumamosi nije?"

"Hilo si swali la somo."

"Nimepata haki ya swali, Mwalimu. Hukusema liwe zuri."

Hakucheka. Alivipanga viti upya, vyote, kana kwamba kuna watu wanakuja, kisha akaketi mbele yangu.

"Umekariri kama mtu anayekimbilia taksi. Rudia toka mwanzo. Hatutamaliza leo."

Nikarudisha mikono nyuma.