Mgomba wa Wakesho

Sisi tuliokulia Mbololo miaka ya sitini hatukuzijua dawa za kukuzia mimea. Mboga zililishwa samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni, na waliobeba ni sisi watoto, karai kichwani, harufu ikitufuata mpaka darasani. Leo wajukuu wangu wana chupa tatu za kukuzia maua mawili, na maua yenyewe yamenuna.

Kwetu kila mtoto alikuwa na mgomba wake. Mama aliupanda siku mtoto alipozaliwa, nyuma ya jikoni, pale maji ya vyombo yalipomwagwa. Wangu ulikuwa mnene, nikajivunia sana. Wa mdogo wangu Wakesho ulikuwa mwembamba kama yeye. Alikuwa mtoto wa homa na kikohozi. Miaka minne, na bado nilimbeba mgongoni. Nilimpenda mno. Kwa akili zangu za miaka tisa, niliamini mgomba ukinenepa naye atanenepa.

Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Voi. Mwisho wa mwezi mmoja akaja na mkebe wa mbolea ya dukani, chembechembe nyeupe kama chumvi ya mawe. "Kijiko kimoja kwa shimo, na maji mengi," alituonya. "Hii si uji."

Aliporudi kazini nikawaza: kama kijiko kimoja kinasaidia, je, mkebe mzima? Nikaumwaga wote kwenye shina la mgomba wa Wakesho, bila tone la maji, nikaenda kuruka kamba.

Siku ya tatu majani yakaanza kukauka kingoni. Siku ya tano yote yalikuwa rangi ya udongo, na mchana huohuo Wakesho akashikwa na homa.

Jamani, hofu ile! Nilijua nimemuua mdogo wangu. Nilivumilia siku kadhaa, mwishowe nikamwangukia Mama nikilia na kumwambia yote. Hakunichapa, na alivyokuwa mwepesi wa fimbo! Alinikumbatia, akacheka huku machozi yakimtoka. "Mghoi, mwanangu, Wakesho ana malaria, na dawa ameshakunywa. Huo mgomba nao una kiu. Chukua ndoo."

Tukauchimbua udongo wenye mbolea, tukateka maji kijitoni mara nyingi, tukaweka samadi. Homa ilishuka kabla ya Jumapili. Mgomba ulikufa, lakini pembeni pakachomoza chipukizi.

Wajukuu wakiniuliza kama dawa zao zinafaa, nawajibu zinafaa, ila kidogo tu, na maji kwanza. Wananicheka, wanarudi kwenye simu zao. Wana mimea mingi, lakini hakuna hata mmoja uliopandwa kwa ajili yao, na hilo hunisikitisha.

Mwaka jana ndipo nilipomsimulia Wakesho kisa hiki. Sasa ni nyanya wa watu, na kwa urefu amenishinda.

"Mimi mgomba siukumbuki hata kidogo, Dada," akasema. "Nakumbuka tu nilipougua, kila siku uliniachia kimanga chako chote, kile cha Mama cha muhogo na maharagwe."