Paswadi ya Arbia

Ukitaka kumjua Arbia, nenda soko la maziwa la Garissa asubuhi, gari la Balambala likishusha mitungi. Utamsikia kabla hujamwona. Maziwa ya ngamia yaliyotiwa maji huyajua kwa kunusa kifuniko tu, na aliyeyaleta siku hiyo atajuta kuamka. Wauzaji wenzake humtania kwamba ulimi wake unaweza kumnyoa dereva ndevu akiwa bado kwenye usukani.

Lakini mwanamke huyu mkali alikuwa na kitu kimoja laini, na alikificha. Marehemu mumewe, Gelle, alikuwa na jina lake la kumwita. Kwao Wasomali, mume na mke wa rika lile hawachezei majina mbele za watu. Palipo na wageni yeye alikuwa mama Nimo, na Gelle alikuwa baba Nimo, basi. Mlango ukifungwa, aliitwa Doogayga: majani yangu mabichi, yale yanayochipuka mvua ikishanyesha. Mtu ambaye hajawahi kuswaga mifugo wakati wa kiangazi atasema ni jina la kuchekesha. Mfugaji hana neno tamu kuliko hilo.

Waifai iliingia kwake kwa sababu ya Nimo, binti yake wa pekee, aliyekwenda Eldoret kusomea uuguzi. Mama alitaka kumwona mwanawe usoni kila jioni, si kusikia sauti tu. Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa mtu wa Thika. Alipomaliza kukiweka kisanduku chenye taa juu ya kabati, akamwambia achague paswadi, herufi nane au zaidi, neno ambalo yeye hatalisahau na mwingine hatalibahatisha.

"Nibe simu," Arbia akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo p hugeuka b. "Natia mimi. Wewe angalia huko, usibige macho hapa."

Akaandika doogayga. Usimcheke. Nyumba ilikuwa kimya tangu Gelle aondoke, na kulitia jina hilo mahali, hata kama ni ndani ya kisanduku, kulimpa faraja ambayo asingeweza kumweleza mtu.

Sasa tuje kwa Hani. Hani ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na tangu usichana wao huitana abaayo, yaani dada. Gelle alipolazwa, walimuuguza kwa zamu. Siku homa ilipompanda Gelle akaanza kuliita lile jina kwa sauti, Hani alikuwepo wodini. Alijifunika shali, akatoka nje kwa heshima, na hakulitaja tena. Arbia alipokaa eda, miezi minne na siku kumi, Hani ndiye aliyempikia na kumuuzia maziwa yake sokoni. Mtu wa namna hiyo huna neno la kumlipa.

Basi Hani alipoomba waifai, angemnyimaje? Maziwa hayanyimwi jirani, na siku hizi waifai ni maziwa. Ila neno lenyewe Arbia hakulitoa. Aliichukua simu ya Hani, akaiingiza chini ya shali yake, akaandika, akairudisha.

"Imeshika," akasema.

"Abaayo, hata mimi unanificha?"

"Hata wewe."

Wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa.

Ujinga wa Arbia ulikuwa hapo, na ni ujinga wa mtu aliyezoea makufuli. Alidhani ukimfungulia mtu mlango kwa mkono wako, ukaondoka na ufunguo, mambo yamekwisha. Hakujua kwamba simu nayo hujichongea ufunguo wake na kuuhifadhi. Mwenye simu akiingia kwenye mipangilio, akabonyeza jina la mtandao, kisha akabonyeza pale pa kushiriki na kuweka kidole, hutokea mchoro wa viraba vyeusi na vyeupe. Simu nyingine ikiumulika mchoro huo, imeshaingia. Na chini ya mchoro, kwa herufi ndogo ambazo hata asiyetafuta ataziona, limeandikwa neno lenyewe.

Haukupita muda, uso wa Nimo ukaanza kuganda kwenye kioo cha simu, mdomo wazi. "Hooyo," binti akamlalamikia mama yake sauti iliporudi, "mko wangapi kwenye huo mtandao?"

Arbia akamwendea Hani. Aliona haya kuuliza, lakini akauliza. "Hani, kuna mtu umempa?"

Hani akainua kidole cha shahada. "Wallahi, abaayo, hilo neno halijatoka kinywani mwangu. Ningelitoa wapi, na wewe hukuniambia?"

Baada ya kiapo, Mwislamu anauliza nini tena? Arbia alimwomba msamaha, na kesho yake akampelekea maziwa ya bure. Fikiria hilo, maana ndilo lililokuja kumchoma kuliko yote: yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Hani alikuwa na vyumba vya kupangisha uani. Mmoja wa wapangaji alikuwa Galgallo, karani Mborana aliyehamishwa kutoka Wajir, mtu mpole, anayesalimia kila mtu. Asubuhi moja alikuja sokoni kununua maziwa kwa Arbia, na akiwa anangoja chupa yake ijae, akauliza kwa nia njema kabisa:

"Mama, Kisomali bado kinanishinda. Doogayga ni nini?"

Mmoja wa wauzaji akapasuka kicheko. "Karani! Ni nani huyo unayemwita majani yako mabichi?" Soko zima likacheka. Maziwa yakafurika mdomoni mwa chupa, yakamwagikia miguu ya Arbia, naye hakuinua mtungi.

"Umetoa wabi hiyo?" akauliza.

"Ni paswadi ya waifai ya pale tunapokaa, mama. Mwenye nyumba ameibandika kwenye karatasi nyuma ya mlango, kila chumba."

Akatoa simu, akaonyesha picha aliyoipiga. Viraba vyeusi na vyeupe, na chini yake jina ambalo Gelle alimwita mlango ukiwa umefungwa. Galgallo akamweleza tena, kwa upole uleule, kwamba chumba chenye waifai hakikosi mpangaji. Arbia alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni kana kwamba amevuliwa shali mbele ya wanaume. Siku hiyo hakuuza tena.

Alimkuta Hani uani akianika nguo. Hakusalimu.

"Uliniapia."

"Na sikuapa uongo," Hani akajibu upesi mno, kama mtu aliyekwisha kulifanyia mazoezi jibu lake. "Neno halijatoka kinywani mwangu. Nilionyesha mchoro tu. Wageni wanaomba, abaayo, ningewanyima vipi?"

"Ungewakarimu kwa chako."

Hani akaendelea kubana nguo.

"Mtandao si kitu," Arbia akasema, na sauti yake, ile iliyozoeleka kwa ukali, ikamkatikia katikati. "Ungeniambia, ningewapa wote. Lakini ulilisoma pale chini, Hani. Watu wote wa Garissa wangelisoma wasijue ni nini. Wewe ulijua. Ulikuwepo wodini. Ulilisoma, ukalijua, ukaenda kulichapisha."

Hani akainamia nguo zilizobaki. Hapo kiapo hakikuja.

Fundi aliitwa tena, akambadilishia paswadi. Jina la Gelle likatoka kwenye kisanduku, lakini lilikuwa limekwisha kutoka nyumbani. Sokoni walilichezea kwa siku kadhaa, wakachoka, kama watu wanavyochoka. Arbia ndiye ambaye hakupona. Kila akijaribu kuikumbuka sauti ya mumewe ikimwita, alisikia sauti ya Galgallo ikiuliza maana.

Ijumaa moja Hani alifika kwenye meza ya maziwa, wateja wamejaa. Alikuwa na simu mkononi, na tabasamu la kupapasa njia. Akamnyooshea Arbia simu yake amwandikie paswadi mpya, kama mara ya kwanza.

Arbia hakuipokea.

"Andika," akamwambia, kwa sauti ambayo hata wauza ndizi waliisikia. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane."

"Ndiyo hiyo tu?" Hani akauliza polepole.

"Ndiyo hiyo. Mpe unayemtaka."

Hani akasimama pale na simu yake, hakuandika. Arbia akamgeukia mteja aliyefuata, akamuuliza anataka lita ngapi.